Gari la Mkamwana

Nimewapeleka watu Venisi mara nyingi kuliko nilivyokwenda Kisumu. Nimewapeleka nikiwa nimeketi ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini Kisii, juu ya duka la saruji na misumari, leso kiunoni kwa sababu ya baridi, na mpaka leo sijavuka hata mpaka wa Tanzania pale Isebania. Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani mjini nawajibu hivyo, nao hucheka. Mimi sicheki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Venisi ni mji wa Ulaya uliojengwa juu ya maji. Njia zake ni mifereji, na watu huenda sokoni kwa boti. Zamani meli kubwa za watalii ziliingia mpaka mjini. Wenye mji wakachoka nazo, nyingi zikaondolewa, sasa zinatia nanga bandari ya Ravenna, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Lakini kwenye tiketi Venisi bado inaandikwa kwa herufi kubwa, na Ravenna kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Abiria wanashuka na masanduku yao, wanautafuta ule mji wa kwenye picha, hawauoni. Wenye akili huwa wameshaandika mapema kuomba gari la kuwachukua wao peke yao. Waliokuwa wakiwajibu ni sisi.

Kampuni ilikuwa ya watu wa mbali. Bosi wetu, kijana wa Keumbu aliyesomea biashara Nairobi, ndiye aliyepewa kandarasi ya kujibu wateja. Tulikuwa watu sita, kompyuta sita, na jenereta moja iliyonuka kuliko ilivyofanya kazi. Mteja akiandika, unamuuliza: mko wangapi, mizigo mingapi, kuna mtoto, kuna mgonjwa? Unachagua gari. Unamtumia dereva ujumbe, naye anasimama langoni pa bandari na kibao chenye jina la mgeni. Dereva anawapeleka mpaka ule uwanja wa mwisho ambapo magari yote ya Venisi huishia, halafu maji yanaanza. Basi. Ni kazi ya kupanga, na kupanga nilikuwa nimeshakujua tangu nikiwa mtoto, maana nimepanga chakula cha watu wanne kutoka kwenye sufuria ya watu wawili.

Kilichonishinda ni amri moja. Siku ya kwanza bosi alisimama mbele yetu, akaomba Mungu aibariki kazi ya mikono yetu, akasema amina, kisha akasema:

"Mteja asijue kamwe kwamba uko Kisii. Akiuliza, wewe uko bandarini. Mnasikia? Hakuna mzungu atakayemwachia mama yake mzazi mtu aliyekaa hapa Daraja Mbili."

Kwa hiyo tukawa bandarini. Kila ujumbe ulianza na "hapa". Hapa bandarini kila kitu kiko sawa. Dereva wetu hapa anawasubiri. Hapa jua limewaka, karibuni sana. Na wewe unajua mvua ya Kisii, haikosi mchana. Naandika jua limewaka, na juu ya kichwa changu mabati yanapigwa mpaka sisikii jirani akiniomba chaja. Siku moja mama mmoja alinipigia simu akauliza, "Ni nini hicho kinachopiga kelele hivyo?" Nikamwambia ni mashine za bandari. Akasema, "Masikini, pole kwa kazi." Nilikata simu nikaenda kusimama chooni mpaka uso ukapoa. Mtu ananipa pole kwa uongo wangu mwenyewe!

Nyumbani Nyamira nako nilishindwa kueleza. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, aliniuliza wageni hao nawapeleka wapi. Nikamwambia, mji wa mifereji. Kwetu mfereji ni bomba la maji, lile la kugeuza na kuteka. Shangazi akaacha kumenya ndizi.

"Mji mzima ni mifereji?"

"Mzima, shangazi."

"Na inatoka maji?"

"Maji yamejaa mpaka mlangoni."

Akatikisa kichwa. "Basi ndiyo maana wanakwenda na meli. Wanakwenda kuteka." Kisha akacheka kwa uchungu, kwa sababu mfereji wa pale sokoni kwetu uliwekwa, ukafunguliwa kwa hotuba na kupigwa picha, ukatoa maji mpaka wenye kamera walipoondoka. Sikumsahihisha. Niliona amekielewa kitu ambacho mimi, niliyekuwa nikiwapeleka watu huko, sikuwa nimekielewa.

Sasa nieleze kuhusu mdogo wangu, maana habari hii ni yake.

Sisi tuko wanne. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi nikiwa kidato cha pili nikakunja sare, nikaitia kwenye sanduku la bati na kushika jembe. Sikulia sana. Kulikuwa na majani chai ya kuchuma, na wadogo watatu waliokuwa wakinitazama kila jioni kama wanaotazama jiko. Anayenifuata ni msichana. Huyu alikuwa na kichwa chepesi, nikaapa kwamba atasoma mpaka mwisho, na akasoma mpaka mwisho. Alitoka chuoni na cheti cha utalii, akarudi Nyamira, akakaa. Aliomba kazi kila mahali, hakuna aliyemjibu. Asubuhi akawa anachuma chai na cheti chake kikiwa juu ya kabati.

Baba mdogo, aliyeachiwa kututazama na ambaye alitutazama kweli, yaani kwa macho tu, akaanza kumtafutia mume. Akampata: mwanamume mwenye lori na watoto wakubwa, aliyekuwa amefiwa na mke. Kila mdogo wangu alipokataa, baba mdogo aliuliza neno moja: "Unafanya kazi wapi?" Kwetu msichana aliyesoma na hana kazi ni kama gari lililoegeshwa vibaya, kila mtu ana haki ya kulisukuma.

Nikamleta Kiogoro, nje kidogo ya mji wa Kisii, nilikokuwa nimepanga chumba, nikamwombea nafasi pale ofisini. Bosi alimchukua kwa majaribio, akasema akifanya vizuri atampa barua ya kazi. Barua hiyo tu ndiyo tuliyokuwa tukiitaka. Baba mdogo alipopiga simu, nilimjibu kwa sauti ya watu wote wa ploti kusikia: "Anafanya kazi!"

Jambo moja lilichekesha ofisi. Mdogo wangu huniita "baba". Katika Ekegusii, lugha yetu, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Tangu mama afe, mimi ndiye mama yao, na hilo jina halijaniondoka. Mwenzetu mmoja kutoka Kakamega, mwanamke mcheshi sana, alipomsikia aliangusha kalamu.

"Ati nani? Huyu ndiye baba? Na ndevu amezificha wapi?"

"Nimezinyoa kwa ajili ya wageni wa Venisi," nikamwambia, tukacheka wote.

Sasa Ijumaa moja.

Kulikuwa na wageni watatu wa kuchukuliwa Ravenna siku ya pili: mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, mwanawe wa kiume, na mke wa huyo mwana. Mwana ndiye aliyekuwa akituandikia. Alisema ana goti bovu, lazima aketi mbele, akunjue mguu. Magari makubwa yote yalikuwa yamekwisha siku hiyo kwa sababu meli mbili zingeingia pamoja. Lilibaki gari dogo moja. Mdogo wangu alilipanga, akahesabu masanduku, yakaenea. Kisha akaketi tu, akiitazama kompyuta.

Nilisogeza kiti changu. Tukaongea kwa lugha yetu, polepole.

"Nini?"

"Baba, kijana anakaa mbele na goti lake."

"Ndiyo."

"Basi nyuma ni nani na nani?"

Nikaangalia. Nyuma ni mzee na mkamwana wake. Peke yao. Bega kwa bega, kwenye kiti kimoja, zaidi ya saa mbili.

"Haiwezekani," nikasema.

"Ndiyo hiyo. Mkono wangu umekataa kubonyeza."

Asiye Mgusii aniwie radhi, nimweleze. Sisi tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya, lakini siyo haya ya kuficha uso. Ni mpaka wa heshima kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, na zaidi kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mzee haingii chumbani kwa mwanawe. Mkamwana hampi baba mkwe mkono, haketi naye kiti kimoja, hapiti mbele yake ovyo. Siyo chuki, wala siyo kwamba kuna mtu anashukiwa. Ni kinyume chake kabisa: mpaka upo ili asiwepo mtu wa kushuku, ili wote wawili waweze kukaa boma moja maisha yao yote bila mtu kuinamisha macho. Hata mimi, ambaye ni dada tu, mdogo wangu wa kiume alipooa, mkewe alifundishwa asikalie kitanda changu, kwa sababu nimesimama mahali pa mama. Ni msichana ninayemzidi miaka michache tu, na mpaka leo akija kwangu anavuta kigoda.

Mdogo wangu akatafuta. Akampata dereva mmoja aliyekuwa akitoka Ravenna asubuhi hiyohiyo na gari tupu, kwenda kuchukua wageni wengine Venisi. Dereva akasema, mzee mmoja na sanduku lake si shida, nitampitisha. Halikuwa gari la kumgharimu mtu. Mdogo wangu akamwandikia mteja kwa Kiingereza chake kizuri cha chuoni, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Ili mzee apate nafasi yake ya heshima, na mke wa mwanawe apate yake, tumewaandalia magari mawili."

Aliniomba nisome kabla hajatuma. Nilisoma mara mbili, nikaona sawa. Nikamwambia tuma.

Bosi alikuwa Msabato. Ijumaa alitaka kila kitu kifungwe kabla jua halijazama, na Jumamosi alituachia sisi Wakatoliki tuhangaike na meli. Saa kumi hivi alitoka chumbani kwake na simu mkononi, miwani juu ya kichwa.

"Hebu mniskize nyote. Mniskize. Nani ameandika hii?"

Akaisoma. Hakuisoma kama mtu anayesoma. Aliisoma kwa sauti nyembamba ya kijijini, akiburuta maneno, akimwiga msichana wa Nyamira anayesoma ubao kwa kidole. Watu wakacheka. Kisha akasoma jibu la mteja, na hapo akabadilisha sauti ikawa nzito: "Mnamaanisha nini kuhusu baba yangu na mke wangu? Nani amewaambia nini? Nataka maelezo leo."

Kicheko kikafa.

"Mnaona?" bosi akasema. "Mtu anapeleka familia yake kustarehe, sisi tunamwambia baba yake analala na mke wake! Umesoma utalii wapi, wewe? Kwa kanisa ya nyasi?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti. "Bosi, sikumaanisha hivyo. Nilikuwa namheshimu mzee."

"Heshima ya ushamba! Huko ni Ulaya, dada. Wanakumbatiana, wanapigana busu, hakuna mtu anakimbia mkwe." Akageuka tena kwa wenzetu apate kicheko kingine. Wawili wakampa. "Sikiza. Jumatatu usije. Majaribio yamekwisha. Na wewe dada mkubwa, wewe unaandika vizuri, mwandikie huyu mtu kwamba ilikuwa kosa la kompyuta. Harakisha, jua linazama."

Sikuwa nikimwona bosi. Nilikuwa nikiliona lori la yule mwanamume, limeegeshwa mlangoni kwetu, na baba mdogo akilipangusa vumbi kwa kofia yake. Mdogo wangu alikuwa ameanza kukusanya vitu vyake: kikombe, sweta, kalamu. Alivikusanya kama mtu aliyezoea kufukuzwa, na hilo ndilo lililoniwasha. Sikumlea azoee kufukuzwa.

"Halikuwa kosa la kompyuta," nikasema.

"Unasema?"

"Halikuwa kosa hata kidogo, bosi. Nilisoma mimi kabla hajatuma."

"Basi mlikosea wawili."

Nikasimama. Mimi si mtu wa kupaza sauti. Lakini siku hiyo nilisikia sauti yangu imejaa chumba, na sikuirudisha.

"Bosi, siku tulipokwenda Keumbu kumzika mama yako, sote tulikuwepo. Hawa wote walikuwepo. Tulipotoka kaburini, mkeo alikuwa ameketi kwenye gari lako, mbele, na mvua inanyesha. Mzee wako alipotokea akishikwa mkono, aletwe ndani ya gari apate joto, mkeo alifanya nini?"

Bosi akaitazama simu yake.

"Aliruka nje kabla mzee hajagusa mlango. Akapanda bodaboda na viatu vyake virefu, kwenye mvua, na suti yake ya benki. Na wewe ukamwambia mwenye bodaboda, mpeleke polepole. Hukusema ni ushamba. Ulifurahi. Uso wako ulionyesha umefurahi, kwamba umeoa mtu."

Yule mwenzetu wa Kakamega akasema chini chini, "Woi, kweli, nakumbuka." Kisha akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Bosi akavua miwani kichwani akaivaa, akaivua tena. "Hayo ni mambo ya nyumbani. Hapa ni kazini."

"Hapa wapi, bosi? Bandarini?"

Mtu mmoja alipiga chafya, au alicheka, sijui. Mimi sikucheka. Niliketi nikaanza kumwandikia mteja, na bosi amesimama nyuma yangu anasoma kila neno, na sikujali. Nilimwandikia hivi: kwamba hakuna mtu aliyetuambia lolote kuhusu familia yake. Kwamba sisi tuko Kisii, nchini Kenya, na kwetu mzee haketishwi bega kwa bega na mke wa mwanawe, na kwamba huo ndio upeo wa heshima tunayoweza kumpa mtu. Kwamba aliyepanga magari hayo ni mdogo wangu, hana baba wa kumheshimu tena, na alimpa mzee huyo heshima aliyokuwa amemwekea baba yetu. Kwamba kama hawataki, lile gari dogo la kwanza lipo, waketi humo wote watatu.

"Usitume," bosi akasema.

Nikatuma.

Tulingoja. Jenereta ilikuwa inakohoa. Jibu likaja, na nimelibeba kichwani mpaka leo kwa sababu halikuwa na neno moja la heshima wala la matusi. Liliuliza: "Kumbe hamko hapa bandarini?"

Hilo tu! Mambo ya baba yake na mkewe yalikuwa yamekwisha. Kilichomuuma ni kwamba tulimdanganya tuko wapi. Nikamtazama bosi. Nilitaka alione, nilitaka alisome kwa ile sauti yake nyembamba. Nikajibu: "Hatuko. Lakini dereva yupo, na atasimama langoni na jina lako." Baada ya muda likaja lingine: "Baba atapanda gari la pili. Anapenda kulala njiani."

Nikadhani basi, tumepona. Mdogo wangu aliweka kikombe chake mezani tena. Lakini nilikuwa nimesahau kwamba mwanamume aliyeaibishwa mbele ya watu hahitaji sababu. Bosi alisema kwa upole kabisa, ule upole wa madhabahu:

"Nyinyi wawili mtoke. Mmetoboa siri ya kampuni. Sabato njema."

Tulishuka ngazi, tukapita duka la saruji. Dereva alinitumia ujumbe siku ya pili, hakuwa na habari kwamba nimefukuzwa: mzee alilala tangu bandarini mpaka daraja la kuingilia Venisi, akaamka akasema asante. Nikamsomea mdogo wangu. Akasema, "Afadhali yeye amelala."

Wiki iliyofuata bosi akanipigia. Hakuomba msamaha. Alisema mambo hayaendi. Madereva walikuwa wamezoea kuongea na mimi, hawakuwajibu wengine, na wageni fulani walikuwa wamesahaulika langoni pa bandari kwenye jua. Safari hii jua lilikuwepo kweli.

"Rudi Jumatatu, tusahau," akasema.

"Na mdogo wangu?"

"Huyo tutaona."

"Hakuna kuona. Mrudishe, umpe barua ya kazi yenye jina lake na muhuri, aje nayo nyumbani niione kwa macho yangu. Namba za madereva anazo, na wanamjua ni wa kwangu. Nitawaambia wamjibu."

"Na wewe je?"

"Mimi nitarudi siku utakayoniruhusu kusema niko Kisii."

Akacheka. "Basi hutarudi."

"Basi sirudi."

Mdogo wangu alikataa kwenda. Tuligombana usiku huo kuliko tulivyowahi kugombana, ndani ya chumba kile cha Kiogoro, kwa sauti za chini kwa sababu ya majirani.

"Baba, unafanya tena," akaniambia.

"Nafanya nini?"

"Unajua unachofanya. Unatoka wewe ili niingie mimi. Ulitoka shule, sasa unatoka kazini. Nitakulipa na nini?"

"Nani amekudai?"

"Huyo mtu alinicheka mbele ya watu! Nirudi nimsalimie?"

"Utarudi, utamsalimia, utachukua barua. Ukishaipata barua, chukia upendavyo. Mimi mwenyewe nitakusaidia."

Alilia kwa hasira, akauma leso. Jumatatu akaenda. Jioni akaja na barua, akaiweka kitandani mbele yangu, akaenda kuosha vyombo kwa kelele. Niliisoma. Jina lake, muhuri wa buluu. Nilisoma kila mstari, kisha nikaitia kwenye lile sanduku la bati lililokuwa na sare yangu.

Hasira yangu ingeishia hapo, labda. Lakini miezi michache baadaye mdogo wangu alirudi kutoka kazini, akanipa simu yake, akasema soma. Ilikuwa tovuti ya kampuni. Kulikuwa na huduma mpya kwa familia zinazosafiri na wazee: magari mawili, wazee katika lao na vijana katika lao. Na chini ya picha ya mzee mwenye kofia nyeupe, maneno: "Ili mzee apate nafasi yake ya heshima." Yalikuwa maneno ya mdogo wangu, hata nukta haikubadilishwa. Yale yale aliyosomewa kwa sauti ya kijijini watu wakacheka.

"Amesema ni wazo lake," mdogo wangu akasema. "Amelipeleka kwa wale wa mbali, wamempongeza."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilikuwa na mteja. Nilikuwa nikimwambia hapa jua limewaka."

Nikamrudishia simu yake. Bado yuko kule, na ni mzuri katika kazi ile kuliko nilivyokuwa, na kila siku mvua ikipiga mabati nilipo najua inapiga na yale ya juu ya kichwa chake, naye anaandika jua.

Mimi niko Tabaka siku hizi. Nafunga vinyago vya mawe, viboko na ndege na watu waliokumbatiana, kwa magazeti na nyasi kavu, navipanga kwenye masanduku visivunjike. Vinakwenda bandarini, bandari ya kweli, na kutoka huko vinakwenda ninakojua tu kwa majina. Juu ya kila sanduku naandika kwa kalamu nene: KISII. Hakuna aliyewahi kuniambia niandike kwingine, na akithubutu atanijua.

Juzi baba mdogo alipiga simu. Alizunguka kwanza kama kawaida yake: majani chai, mafua ya ng'ombe, yule mwenye lori ambaye bado hajaoa, masikini. Mwishowe akafika alikokuwa akienda.

"Na huyu msichana, bado anafanya kazi?"

"Anafanya," nikasema, nikakata.